Kilichoingia katika unga: namna ya kumwokoa na kumkinga mtu mwenye mzio mkali wa chakula

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka minne alipokunywa vijiko vitano vya uji wa wimbi jikoni kwa mama yake, mtaani Nyalenda mjini Kisumu, kisha akakisukuma kikombe na kusema kwamba ulimi unamwasha. Sote tulijua kuwa njugu karanga humdhuru, na hazikuwa zimeingia katika nyumba ile kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wimbi lenyewe lilikuwa limepembuliwa, likaoshwa na kuanikwa na dada yangu kwa mikono yake. Kwa sababu hiyo tulizipoteza dakika za mwanzo tukibishana iwapo uji ulikuwa moto kupita kiasi, huku midomo ya mtoto ikifura, sauti ikikwaruza kama ya mtu aliyelia usiku kucha, na mabaka mekundu yakimpanda shingoni. Kosa halikuwa jikoni. Lilikuwa kwenye mashine ya kusaga, ambako mteja aliyetangulia alikuwa amesagisha unga wa uji uliochanganywa na njugu na soya.

Kinachoitwa aleji mitaani na mzio vitabuni ni kosa la kinga ya mwili, ambayo huipokea protini ya chakula kana kwamba ni adui aliyevamia. Mara nyingi mambo huishia kwenye mwasho na vipele. Katika hali kali kabisa, inayoitwa anafilaksia, kemikali zinazomwagwa na seli za kinga, histamini ikiwa mojawapo, huitanua mishipa ya damu kwa ghafla hadi shinikizo la damu likaporomoka, huvimbisha koo, na hubana njia za hewa kifuani. Mwongozo huu unaihusu hali hiyo, hasa pale ambapo kinachodhuru si chakula mtu alichojua anakila, bali ni kitu kilichoingia ndani yake sokoni, mashineni au kabatini.

Dakika za kwanza

Tuanze na mgonjwa, kwa kuwa kabati linaweza kusubiri. Shuku anafilaksia iwapo mtu aliyekula ndani ya dakika chache hadi saa mbili zilizopita anaonyesha dalili katika sehemu zaidi ya moja ya mwili: ngozi iliyotoka mabaka yaliyoinuka au midomo na macho yaliyofura, pamoja na kukohoa mfululizo, mluzi kifuani, sauti iliyobadilika, kutapika kusikokoma, kizunguzungu au kuzimia. Usisubiri ngozi ibadilike ndipo uamini. Wapo wanaobanwa na pumzi au kuanguka bila kipele hata kimoja, na mtoto mchanga, ambaye hawezi kusema anachokisikia, huenda akatapika, akapauka na kulegea tu mikononi mwa anayembeba. Mtu mwenye pumu na mzio wa chakula yumo katika hatari kubwa zaidi, na akibanwa na kifua ghafla baada ya kula, sindano ya adrenalini hutangulia ndipo pampu ya pumu ifuate.

Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, nayo huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti; ikibidi, hata juu ya nguo. Kipimo kinachotumiwa na wahudumu wa afya ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, bila kuzidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 huchomwa miligramu 0.15. Ikiwa hali haijatengemaa, sindano hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Tembe za kuzuia mwasho, kama vile setirizini, hutuliza ngozi lakini hazifungui koo wala hazipandishi shinikizo la damu, na sindano za steroidi huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi. Uchunguzi wa vifo vya namna hii uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba, pale chakula kilipokuwa chanzo, pumzi au moyo ulisimama kwa kawaida katika muda wa dakika 30 hivi. Atakayempa mgonjwa tembe na kuketi aone itakavyokuwa huenda akaimaliza nusu saa hiyo kabla hajainuka kitini.

Mlaze mgonjwa chali na kuiinua miguu yake juu ya mto au begi. Akibanwa sana na pumzi, mruhusu aketi huku miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Akiwa mjamzito, alale kwa ubavu wa kushoto. Akizimia lakini bado anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. La muhimu ni kwamba asisimame wala kutembea, hata ajihisi nafuu, kwa sababu damu iliyokwisha kupungua moyoni hukimbilia miguuni na moyo unaweza kusimama papo hapo. Hili sikulijua. Nilimshika mpwa wangu mkono ili atembee hadi barabarani, na muuguzi aliyetupokea baadaye alipomwona dada yangu akimtelemsha mtoto kutoka kitandani, alisema kwa sauti ya juu, «Mama, mlaze! Usimsimamishe hata kama anataka choo.»

Kuhusu usafiri, bodaboda ndiyo hufika kwanza mlangoni, lakini humlazimisha mgonjwa kuketi wima katikati ya watu wawili. Tuktuk ni afadhali kwa mtoto, kwa kuwa anaweza kulazwa mapajani kwenye kiti cha nyuma, na mtu mzima anahitaji gari ambalo kiti chake kinalala. Piga 999 au 112, lakini ikiwa ambulensi haionekani kuwa karibu, anza safari. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kupikia, usimtie kidole kooni ili atapike. Najua kwamba bibi zetu walifanya hivyo kwa nia njema, lakini koo linaloziba halihitaji kitu cha kumeza.

Hatua inayosahauliwa zaidi ni ile inayopaswa kufanywa siku ya amani. Tembelea zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwulize mhudumu maswali mawili: je, mnayo adrenalini leo, na je, aliye zamu ya usiku anaruhusiwa kuichoma? Kliniki ya kwanza tuliyoikimbilia ilikuwa na tembe, dripu na godoro safi, lakini adrenalini haikuwapo, na ilitubidi tuvuke mji. Kalamu za adrenalini ambazo mgonjwa hujichoma mwenyewe ni ghali na si rahisi kuzipata katika maduka yetu ya dawa. Ikiwa daktari ameona kwamba mtu wenu anahitaji kuwa na dawa nyumbani, mwombeni awafundishe kwa vitendo namna ya kuivuta kutoka kwenye chupa kwa bomba la sindano, na mfanye mazoezi kwa maji na chungwa hadi mkono uzoee.

Karanga zilizopita mashineni kabla yako

Katika eneo la magharibi mwa Kenya, unga wa uji ni mchanganyiko. Wimbi, mtama, muhogo mkavu, mahindi, soya, njugu na hata omena, wale samaki wadogo wakavu, huwekwa katika debe moja na kusagwa pamoja ili mtoto apate nguvu, na kwa nyumba nyingi hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mashine iliyousaga mchanganyiko huo saa nne asubuhi ndiyo itakayokusagia wimbi lako tupu saa nne na robo.

Itazame mashine hiyo kwa karibu siku moja. Nafaka hushuka kutoka kwenye faneli ya bati, nyundo za chuma huipigapiga hadi ipite kwenye chujio lenye matundu madogo, kisha upepo huusukuma unga hadi kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa kwa mpira, ambao msagaji huupigapiga kwa kiganja ili unga ushuke ndani ya gunia lako. Mfuko huo haufuliwi kati ya mteja na mteja. Njugu zina mafuta, na unga wake hushikamana na mikunjo ya kitambaa na kona za chuma kuliko unga wa mahindi, ndiyo maana gramu chache za mteja aliyekutangulia huondoka nawe bila mtu yeyote kukusudia. Kwa mwenye mzio mkali, kiasi kidogo kuliko punje moja chaweza kutosha, wala kuchemsha uji hakusaidii, kwa kuwa protini za karanga huvumilia moto, na kuzikaanga bila mafuta huweza kuzifanya kuwa kali zaidi.

Watu wengi humwuliza msagaji, «Mmesafisha mashine?» naye hujibu ndiyo, kwa sababu amefagia sakafu. Swali lenye faida ni, «Mzee, tangu jana mmesaga nini hapa?» Akitaja njugu, soya, simsim au chochote kinachomdhuru mtu wenu, chukua debe lako uondoke. Baadhi ya wasagaji watajitolea kupitisha kwanza kilo moja ya mahindi ili kuyasukuma mabaki, na hilo hupunguza uchafu, lakini haliuondoi kabisa; kwa mtu aliyewahi kupata anafilaksia, mimi sioni kwamba inafaa kubahatisha. Njia tuliyoichagua sisi ni kuunganisha nyumba tatu na kununua mashine ndogo ya mkono ambayo husaga wimbi na mahindi pekee. Inachosha mabega na unga wake si laini kama wa mjini, lakini tunajua kilichopita ndani yake.

Sokoni mambo hayako mbali na hayo. Pale Kibuye, kama ilivyo katika masoko mengi ya upande huu, magunia ya njugu, simsim, dengu, maharagwe na omena hupangwa bega kwa bega, na gorogoro moja huyazunguka yote. Nenda na kipimo chako, umwombe mama muuzaji afungue gunia jipya, na ununue nafaka nzima ambayo unaweza kuipembua na kuiosha, kuliko unga uliokwisha kusagwa na kupimwa. Ukinunua unga wa pakiti, soma maandishi madogo yanayotaja viambato na onyo kuhusu karanga, soya, maziwa au ngano. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina maana yake, lakini si ahadi kwamba karanga hazikugusa kiwanda hicho. Mafuta ya kukaangia kibandani nayo yana historia ndefu, na anayedhurika na samaki asile chipsi zilizopikwa katika karai iliyokaangiwa omena asubuhi.

Utitiri ndani ya unga wa ngano

Sehemu hii huwashangaza hata wahudumu wa afya. Kuna watu wanaokula chapati miaka yote bila taabu, kisha siku moja wanabanwa na koo dakika chache baada ya kula chapati ya maji au mandazi, na wakipimwa, mzio wa ngano hauonekani. Waliokula pamoja nao hawakudhurika. Kinachowapata ni mzio wa utitiri, vijidudu vya jamii ya buibui vyenye urefu wa thuluthi moja hivi ya milimita, ambavyo vimejaa katika vumbi la magodoro yetu na ambavyo huhamia katika unga uliofunguliwa na kuachwa. Mgonjwa alikuwa na mzio wa vumbi tangu awali, akipiga chafya asubuhi au akiugua pumu, lakini safari hii ameimeza protini ileile kwa wingi. Visa vya namna hii vilianza kuelezwa katika majarida ya kitabibu mwaka 1993, na vingi vimeripotiwa kutoka nchi zenye joto na unyevu. Dalili huweza kuchelewa hadi muda wa saa nne baada ya kula. Imeonekana pia kwamba wengi wa wagonjwa hao hudhurika na aspirini, ibuprofeni au dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, kwa hiyo mtu anayevimba macho kila akinywa dawa hizo na ambaye ana mzio wa vumbi awe na tahadhari zaidi.

Utitiri hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 na hewa yenye unyevu mwingi, yaani hali ya jiko la kando ya Ziwa Victoria wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Pakiti ya kilo mbili iliyofunguliwa kwa ajili ya chapati za sikukuu, ikakunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo, kisha ikasukumwa nyuma ya sufuria, huwa makao yao kufikia Pasaka. Kuchekecha kunawaondoa fukusi na mabuu, lakini utitiri hupita matundu ya chekeche pamoja na unga. Kuuweka unga kwenye friza huviua vijidudu hivyo, ila miili yao na kinyesi chao, ambavyo ndivyo vyenye protini inayodhuru, hubaki. Moto wa kikaango nao haukutosha kuwaokoa wale waliodhurika.

Ukitaka kuuchunguza unga ulioushuku, mimina vijiko viwili juu ya sahani nyeusi au kioo, uusawazishe kwa kisu hadi uso wake uwe laini, kisha uuache mahali pasipo na upepo kwa robo saa. Uso ukianza kuchimbika na kutoka mistari midogo, kana kwamba kitu kinalima chini yake, utitiri umo. Ukisugua unga wenye utitiri mwingi kati ya vidole, huweza kutoa harufu inayokaribia ya mnanaa. Hata hivyo, unga usioonyesha ishara hizo haujathibitishwa kuwa salama, na kwa hali yoyote usiuonje ili kujaribu.

Kinga yake ni ya gharama ndogo. Nunua pakiti ya kilo moja badala ya mbili, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu, na mara tu unapoifungua, mimina unga ndani ya chombo cha plastiki ngumu au kioo chenye mfuniko unaokaza. Mwenye friji auweke humo, kwa kuwa baridi huzuia utitiri kuzaana. Asiye nayo aumalize ndani ya wiki mbili. Usimwage unga mpya juu ya wa zamani, kosa ambalo karibu kila jiko nililoingia hulifanya: osha chombo, kikauke juani kabisa, ndipo ujaze. Unga uliochanganywa tayari kwa keki au chapati za maji huhitaji tahadhari hiyohiyo.

Si kila kinachoharibika kabatini huleta mzio. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliwapata watu 317 na kuwaua 125 mashariki mwa Kenya, hushambulia ini kwa muda wa siku kadhaa, na macho ya manjano na tumbo kujaa maji si anafilaksia. Dawa ya kuhifadhi nafaka ikiingia chakulani huleta mate mengi, jasho na mboni za macho zilizofinyika. Hali zote mbili zahitaji hospitali, ila tofauti hiyo umweleze mhudumu, kwa kuwa matibabu si yaleyale.

Baada ya kutoka hospitalini

Usikubali kuondoka mara mgonjwa anapopata nafuu. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila yeye kula kitu kingine, na ndiyo sababu hospitali humweka chini ya uangalizi. Mpwa wangu alilala huko usiku mmoja, na usiku wa manane mabaka yalirudi kwa muda mfupi.

Wakati huo, mtu mmoja arudi nyumbani kukihifadhi chakula chenyewe. Desturi yetu ni kukimwaga kwa hasira na kuliosha sufuria hadi ling'ae, na kwa kufanya hivyo tunaupoteza ushahidi. Chukua kikombe kimoja cha unga, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kiweke mbali na watoto, na uandike palikonunuliwa, paliposagwa, siku iliyosagwa na kila kilicholiwa katika muda wa saa nne kabla ya dalili, pamoja na dawa zozote zilizonywewa. Hifadhi pia karatasi ya pakiti. Maelezo hayo humsaidia daktari kuchagua vipimo vya ngozi au damu, na humwezesha kufikiria utitiri pale ambapo ngano, mayai na maziwa vimeonekana kuwa havina hatia. Sisi tulipomrudia msagaji kwa utulivu na kumweleza siku na saa, alifungua daftari lake la wateja mwenyewe na kutuonyesha jina la aliyetangulia na kilo alizosaga, njugu zikiwa zimeandikwa kwa penseli.

Mwisho, mpelekee mwalimu wa chekechea karatasi moja yenye jina la mtoto, kinachomdhuru, dalili zake, nambari mbili za simu na jina la kituo chenye adrenalini. Uji wa shule hutoka kwenye mashine kama ileile. Mpwa wangu sasa huenda na chupa yake ya uji, na dada yangu amemshonea mfuko wa kitenge ili asiichanganye na za wenzake.